Usiishie Maskati: Namna ya kuizunguka Omani kwa siku kumi

Mtu wa Mombasa akienda Omani mara nyingi huishia Maskati. Ana ndugu huko, anaalikwa chakula nyumba hii na ile, anapitishwa soko la Mutrah kununua udi na haluwa, kisha anarudishwa uwanja wa ndege. Kuunga udugu ni jambo la heshima, lakini nchi yenyewe haiko pale. Iko Sur, bandari ya majahazi, iko Nizwa nyuma ya milima, na iko Jebel Shams, ambako usiku wa Januari baridi hukaribia kugandisha maji. Gari la kukodi na siku 10 zinatosha kuifuata njia hiyo kwa mzunguko mmoja.

Kwa aliyekulia karibu na Fort Jesus safari hii ina maana nyingine. Ngome yetu ilitekwa na Waomani mwaka 1698 baada ya kuzingirwa tangu 1696, na aliyepeleka majeshi hayo alikuwa Imamu Seif bin Sultan wa ukoo wa Yaarubi. Baba yake, Sultan bin Seif, ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650 na akajenga mnara wa Nizwa. Kaka yake Imamu Seif, Bilarab, alijenga kasri la Jabrin. Ukifuata njia hii unapita katika nyumba za familia moja ambayo jina lake limeandikwa pia katika historia ya Mvita. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, tenga asubuhi moja uizunguke Fort Jesus, uingie na ile nyumba ya Kiomani iliyomo ndani. Ukifika Nizwa utaona tofauti mara moja: ngome ya Wareno imechorwa kwa pembe, na ile ya Nizwa ni duara.

Majira

Wazee wa Mji wa Kale hawakuhitaji kalenda kwa hili. Kaskazi inayovuma Disemba hadi Machi, ambayo kwetu ni joto, ndiyo iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Ghuba, na kule ndiyo miezi ya baridi. Nenda kati ya mwisho wa Oktoba na Machi. Wakati wa kusi, hasa Juni na Julai, joto la Maskati hupita nyuzi 40, na kutembea wadini, kwenye mabonde ya mito mikavu, au kupanda mlima mchana ni kujitakia maradhi. Ikiangukia Ramadhani, mikahawa mingi hufungwa mchana na kula au kunywa hadharani hakuruhusiwi, hata kwa asiye Mwislamu.

Wikendi ya Omani ni Ijumaa na Jumamosi. Saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa moja.

Karatasi na pesa

Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele yake. Viza huombwa mtandaoni kupitia tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Omani. Soma masharti ya Mkenya siku hiyo hiyo unayoomba, maana hubadilika, na usinunue tiketi kabla viza haijatoka. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Kenya. Cheti chake huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa wiki ya safari huweza kukwama kaunta.

Jambo moja tulisema wazi. Kwa sababu wengi kutoka Pwani huenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani, afisa wa uhamiaji anaweza kumhoji sana msichana anayesafiri peke yake kwa viza ya utalii. Beba karatasi zilizochapishwa: tiketi ya kurudi, hoteli za usiku wote, mkataba wa gari, taarifa ya benki. Na mtu akikuambia uingie kwa viza ya utalii, kazi utatafutiwa huko huko, kataa. Ukiingia hivyo huna mkataba wa kazi unaotambuliwa, na mwajiri akikunyima mshahara hutakuwa na pa kushika.

Riyali moja ina baisa 1,000, na thamani yake imefungwa kwenye dola: riyali 1 ni kama dola 2.60. Ni pesa nzito, na noti ya riyali 20 huponyoka mkononi kwa urahisi kwa sababu akili huisoma kama shilingi ishirini. M-Pesa haitakusaidia barabarani. Kampuni za magari hutaka kadi ya krediti yenye jina la dereva ili kuzuia dhamana. Kadi ya debiti hukataliwa mara kwa mara, na watu hugundua hayo wakiwa wamesimama uwanjani na mizigo yao. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa chochote. Leseni ya kimataifa hutolewa Kenya na AA, chama cha wenye magari. Ibebe pamoja na leseni yako ya kawaida, maana moja bila nyingine haitoshi.

Miraa na muguka ni dawa za kulevya kwa sheria ya Omani. Kagua mifuko ya koti na mkoba wako kabla ya kufunga safari, maana hata majani makavu yaliyosahaulika chini ya mkoba yanaweza kukupeleka jela. Dawa kali za maumivu zenye kodeini au tramadoli zisafiri na barua ya daktari, la sivyo ziache nyumbani.

Koti la baridi usilinunue Maskati. Kongowea utapata la mtumba zuri, pamoja na soksi nzito, kwa sehemu ndogo ya bei ya huko.

Gari, na mkono wa kulia

Hapa ndipo Wakenya wengi huharibikiwa. Omani huendesha upande wa kulia wa barabara. Kwenye barabara kuu hutakosea, kwa sababu magari mengine yanakuongoza. Utakosea ukitoka kituo cha mafuta au maegesho ya mkahawa alfajiri, barabara ikiwa tupu: mkono utakupeleka kushoto wenyewe. Kila unapowasha gari, jiambie kwa sauti: dereva awe karibu na mstari wa katikati. Kwenye raundabauti unazunguka kinyume cha tulivyozoea, unatazama kushoto, na aliyeko ndani ndiye mwenye haki. Kijiti cha indiketa kiko upande ulikozoea waipa, kwa hiyo siku ya kwanza utafuta kioo kila unapotaka kukata kona. Usianze kuendesha usiku ule ule uliotua.

Mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa na kamera ni nyingi. Faini hukatwa kwenye ile dhamana yako. Usiku nje ya miji epuka kuendesha kwa sababu ya ngamia. Ngamia ni mrefu: gari humpiga miguuni, na mwili mzima huangukia kioo cha mbele.

Saluni ndogo inatosha kwa pwani, Ibra, Nizwa, Bahla na Rustaq. Ya 4x4 unaihitaji mlimani tu, na hukodiwa kwa bei ya mara mbili au zaidi. Kwa hiyo zunguka na saluni, kisha Nizwa kodi 4x4 na dereva wake kwa safari ya mlimani. Soma mkataba: mara nyingi kuna kikomo cha kilomita kwa siku, na bima haifuniki barabara ya mawe hata kama gari ni 4x4.

Halafu wadi. Wadi ni bonde la mto ulio mkavu karibu mwaka mzima, na barabara nyingi hukatisha ndani yake. Mvua ikinyesha milimani kilomita nyingi kutoka ulipo, mwamba mtupu haunywi maji. Yote hushuka kwa pamoja, na ukuta wa maji ya matope unaweza kukufikia jua likiwaka juu yako. Kando ya vivuko kuna vigingi vyeupe na vyekundu vya kupimia kina. Maji yakigusa wekundu, usivuke. Lakini hata kabla ya hapo, ukiona maji yanakimbia na huoni lami chini yake, simama mahali pa juu ungoje. Kuvuka wadi inayotiririka ni kosa la jinai, na magari husombwa kila mwaka. Usipige kambi wala kuegesha ndani ya wadi, hata mchanga ukiwa umekauka namna gani.

Pwani: Maskati hadi Sur

Panga utue Jumamosi. Utaona baadaye kwa nini.

Maskati yenyewe ipe siku moja kamili. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001, hupokea wasio Waislamu asubuhi tu, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke afunike nywele, mikono na miguu, na buibui la kawaida la Mombasa linatosha. Alasiri nenda Maskati ya zamani ukazitazame Mirani na Jalali, ngome mbili za Wareno zinazoikabili bahari kama ndugu za Fort Jesus. Jioni ni ya Mutrah.

Jumatatu ondoka mapema kwa barabara namba 17. Hadi Sur ni kama kilomita 200, lakini siku nzima itaishia njiani. Wadi Shab ndiyo ya kwanza kwa uzito. Fika saa mbili asubuhi, kabla ya mabasi ya watalii. Chini ya daraja kuna mashua ndogo ya kukuvusha kwa kama riyali moja. Uliza saa ya mashua ya mwisho kabla hujavuka. Kisha ni mwendo wa dakika 45 hivi juu ya mawe, halafu njia inakwisha na unaogelea kutoka dimbwi hadi dimbwi, mpaka ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu, na ndani yake pango lenye maporomoko. Asiyejua kuogelea aishie dimbwi la kwanza. Vaa raba za kushika mwamba, si ndala, maana mawe yaliyosuguliwa na maji huteleza na wengi huvunjika mikono hapo. Nguo za kuogelea ziwe za kufunika, wanaume kwa wanawake: juu ya wadi kuna mashamba ya watu, na wenye mashamba hupita njia hiyo hiyo.

Kusini ya hapo ni Qalhat, mji wa bandari ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2018. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa mwaka 1331, alifika pia Qalhat, akitembea kwa miguu kutoka Sur, na aliingia mjini miguu imevimba. Kilichobaki kimesimama ni kaburi la Bibi Maryam. Kituo kifupi, lakini usikipite.

Sur lala usiku mmoja na uitembee asubuhi yote ya Jumanne. Mombasa bado kuna wanaoitwa Wasuri, na hapa ndipo jina lilipotoka. Tazama Fatah al-Khair, jahazi la aina ya ghanja lililoundwa Sur mwaka 1951. Lilikuwa limeuzwa Yemen, na watu wa mji wakalinunua wakalirudisha. Karibu yake kuna kiwanda ambapo jahazi bado huundwa bila mchoro wa karatasi, mbao zikipimwa kwa jicho na uzi. Omba ruhusa, kisha tazama jinsi fundi anavyosindika pamba iliyolowa mafuta katikati ya mbao. Ni kalafati ile ile ya Lamu.

Jioni endelea Ras al-Jinz, kama kilomita 45. Kasa hutaga pale mwaka mzima, lakini zaidi katikati ya mwaka, kwa hiyo ukienda majira ya baridi utaona wachache. Kuingia ufukweni ni kwa kuandikishwa na kuongozwa tu, saa tatu hivi usiku au kabla ya alfajiri. Chagua alfajiri. Watu ni wachache na mwanga wa asubuhi unakuonyesha kasa akirudi baharini. Tochi na mwanga wa simu ni marufuku kwa sababu ya maana: kasa anayeona mwanga hugeuka bila kutaga, na vifaranga hufuata mwanga badala ya bahari.

Ibra na milango tunayoijua

Jumatano, baada ya kasa, panda bara hadi Ibra, kama saa mbili na nusu. Asubuhi ya Jumatano Ibra kuna soko la wanawake, na wanaume hawaingii. Mjini na katika kijiji cha jirani cha Al Mudayrib kuna majumba ya matajiri waliofanya biashara na Unguja na pwani yetu, kina Harthi na wenzao. Mengi yamebomoka, lakini milango ya nakshi bado ipo, na mtu wa Mji wa Kale ataitambua bila kuambiwa.

Huku mashariki Kiswahili utakisikia dukani na msikitini. Salimu kwa Kiarabu kwanza, kwa utulivu, uulize hali na watu wa nyumbani. Kiswahili kitakuja chenyewe. Usikimbilie kumuuliza mzee kama alizaliwa Unguja. Wengi waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, na hayo si mazungumzo ya kaunta. Ukikaribishwa kahawa na tende, kaa. Kikombe hujazwa kidogo na hujazwa tena mpaka ukitikise kwa vidole. Usipotikisa, mwenyeji ataendelea kumimina, na wewe utaendelea kunywa.

Nizwa, na maji yake

Alhamisi usiku uwe Nizwa. Ndiyo maana ya kutua Jumamosi: mnada wa mbuzi ni Ijumaa, huanza jua likichomoza na kufikia saa tatu umekwisha. Wauzaji huzungusha mbuzi na ng'ombe katika duara wakitaja bei, wanunuzi wamekaa ndani na nje ya duara hilo. Usisimame kwenye njia ya mifugo kupiga picha. Kisha panda ngomeni mapema, maana Ijumaa adhuhuri kila kitu hufungwa hadi jioni. Ndani ya mnara tazama ngazi: kila kona ina mlango, juu ya mlango kuna tundu la kumwagia adui asali ya tende iliyochemshwa. Asali hiyo ilitoka ghala la tende, ambamo magunia yalipangwa juu kwa juu mpaka tende zikajikamua zenyewe kwa uzito wake, na sakafu ina vijifereji vya kuipokea.

Alasiri nenda Birkat al-Mawz, kilomita 25 hivi, ukaone falaj. Falaj ni mfereji unaoleta maji kutoka chini ya mlima kwa mteremko tu, bila pampu, na mitano imeorodheshwa na UNESCO tangu 2006. Al-Khatmeen ni mmojawapo, nao hujigawa mapande matatu sawasawa. Ufuate kwa miguu, utauelewa. Sehemu ya kwanza ni ya kunywa na haiguswi kwa mguu wala sabuni. Baada yake kuoga na udhu, na mwisho mashamba ya migomba na mitende. Kila shamba lina haki yake kwa muda, kwa vipande vya kama nusu saa, vilivyopimwa mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Mtalii anayetumbukiza miguu mahali pa kunywea hakosei adabu tu, anachafua maji ya kijiji kizima. Mtu wa Pwani yetu, ambako tunagombana kila siku kwa mitungi na maboza, inafaa akae hapo kwenye falaj hata saa nzima.

Jumamosi pitia Bahla, yenye ngome ya udongo iliyoorodheshwa tangu 1987, kisha Jabrin. Ukiwa na nafasi ya kasri moja tu Omani, liwe Jabrin. Dari zimechorwa maua, falaj inapita ndani, na Bilarab aliyelijenga alifia humo humo mwaka 1692, akiwa amezingirwa na ndugu yake Seif, yule yule aliyekuja kuiteka Mombasa miaka 6 baadaye.

Mlimani

Kuna milima miwili ya kuchagua. Jebel Akhdar ni ya familia na ya mawaridi, yanayochumwa Machi mwisho na Aprili. Barabara ni lami nzuri, lakini polisi wa kizuizi cha Birkat al-Mawz hurudisha kila gari lisilo 4x4. Sababu ni mteremko: anayeshuka akikanyaga breki mfululizo huzichemsha mpaka zikaacha kushika. Shuka kwa gia ya chini, breki uiguse na kuiachia.

Jebel Shams, yenye kimo cha kama mita 3,000, ni ya kutembea, na ndiyo tunayokushauri. Njia ya W6 inaanzia Al Khitaym na kuambaa ukingo wa bonde la Ghul hadi kijiji kilichohamwa cha As Sab. Kwenda na kurudi ni saa nne hivi. Inafuata alama za rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu kwenye mawe, na ni pana kiasi cha mbuzi na mtu kupishana. Lakini ukingo hauna ua, na chini yako ni mamia ya mita. Mtoto mdogo asiende. Beba lita 2 za maji kwa kila mtu, maana hakuna duka wala bomba. Mvua ikinyesha, ahirisha, mawe hulegea. Lala juu usiku wa Jumamosi, tembea Jumapili asubuhi, kisha shuka Misfat al Abriyyin ukalale katika nyumba za mawe na udongo.

Rustaq

Jumatatu ya mwisho, simu itakuonyesha njia fupi ya kuvuka mlima hadi Rustaq kupitia Hatt na Wadi Bani Awf. Ukiwa na saluni usiifuate kabisa. Ni njia ya mawe, nyembamba, na gari mbili zikikutana moja inarudi kinyumenyume kando ya genge. Zunguka kwa lami kupitia Samail na Nakhal, saa tatu au nne, na Nakhal simama uone ngome iliyojengwa juu ya jabali na chemchemi ya maji moto ya Thowarah, ambako familia hukaa wakila mishikaki.

Rustaq ndiko Seif bin Sultan alikofia mwaka 1711. Ngome yake ni kubwa na tulivu, na kutoka juu unaona mitende hadi mwisho wa macho. Ondoka hapo saa tisa alasiri ili ufike Maskati kabla ya giza. Jaza mafuta nje ya jiji, piga picha gari lote na kipima-kilomita chake mbele ya wakala, na usiondoke kaunta bila karatasi inayoonyesha faini zilizokatwa na dhamana itakayorudi.